Intaneti ikikatika, AC yako inamsikiliza nani?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini inayoleta intaneti Afrika Mashariki ilipata hitilafu, na wengi wenu mnazikumbuka siku zile: meseji haziendi, ukurasa unazunguka tu. Jumatatu asubuhi sisi, mafundi wa mifumo ya kuongoza AC kwa simu, tukapigiwa na mteja mwenye ofisi hapa Dar es Salaam. "Fundi, AC zimegoma. Kila nikibonyeza kwenye simu, hola." Tukamuuliza rimoti ziko wapi. Akanyamaza kidogo. Rimoti zote sita zilikuwa kabatini, zimefungiwa na mhasibu ili wafanyakazi wasishushe AC hadi nyuzi 16. Mhasibu yuko likizo Moshi, na ufunguo anao yeye.

Tulimwelekeza afungue mfuniko wa mbele wa kila AC, atafute kitufe kidogo cha dharura, abonyeze. Nyingi zinacho. Ofisi ikapoa kabla ya chai ya saa nne.

AC zile zilikuwa nzima, na vifaa vya ukutani vya kuziongoza vilikuwa vizima. Shida ilikuwa safari ya amri. Bosi akibonyeza "washa" akiwa palepale ofisini, amri ilikwenda kwanza kwenye seva ya mtengenezaji ng'ambo, kisha ikarudi Dar kwenye kifaa kilicho hatua tatu kutoka alipoketi. Ni sawa na kumwomba mtu wa chumba cha pili chumvi kwa kumpigia shangazi yake aliyeko Muscat. Mfumo ule hatukuufunga sisi, lakini tusijitie wajanja: nasi zamani tulifunga ya aina hiyo, kwa kuwa ni rahisi na ndiyo iliyojaa madukani.

Siku hizi tunafunga kifaa kidogo cha kuziongoza AC, tunakiita kiongozi, ndani ya jengo lenyewe. Ratiba na masharti yote yanakaa humo. Simu yako ikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi inazungumza nacho moja kwa moja, na intaneti inahitajika tu ukiwa mbali, tuseme uko Dodoma na unataka kujua kama kuna AC iliyosahauliwa. Majengo makubwa hayakuwahi kufanya vingine. Lugha ya BACnet, ambayo mitambo yao ya ubaridi huitumia kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, ilipitishwa kuwa kiwango Marekani mwaka 1995, wakati ambao wengi wetu hatujawahi hata kuona barua pepe.

Kwa AC za kawaida za ukutani, kifaa chetu hutuma mwanga wa infraredi, uleule wa rimoti. Hapa kuna udhaifu ambao wauzaji wengi hawausemi: mwanga ule huenda, haurudi. Kifaa kinapiga kelele "zima!" na hakina njia ya kujua kama AC imesikia. Pazia likikaa katikati, simu itakuambia imezimwa huku inanguruma. Ndiyo maana tunaongeza kihisi kinachokumbatia waya wa umeme wa AC. Umeme ukiwa unapita, AC inafanya kazi, simu iseme itakavyo.

Sasa pesa. Watu wanadhani kifaa chenyewe ndicho kinachookoa umeme. Kifaa hakiokoi hata uniti moja. Kinachookoa ni kuizima AC kwenye chumba kisicho na mtu. Kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 63. AC ya 12,000 BTU isiyo ya inveta, yaani ambayo kompresa yake (pampu ya gesi) huzunguka kwa nguvu moja tu au husimama kabisa, hula takriban uniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inazunguka, na ukiiacha kwenye nyuzi 16 katika joto la Februari la hapa Dar, kompresa haipati nafasi ya kupumzika. Zidisha kwa idadi ya vyumba vyako, kisha itazame mita ya LUKU. Na kwa AC hiyo isiyo ya inveta, nyuzi 16 hazipozi chumba haraka kuliko 24. Kompresa ina nguvu ileile. Tofauti ni pale itakaposimama.

Kwenye nyumba ya wageni moja ya Kigamboni wageni walikuwa wanafungua mlango wa baraza kupunga upepo wa bahari huku AC ikiendelea. Tukabandika kihisi cha sumaku kwenye kila mlango: ukibaki wazi dakika mbili, AC inalala, ukifungwa, inaamka. Wiki ya kwanza mapokezi walichoshwa na malalamiko kuwa AC "inajizima yenyewe", hadi tulipobandika karatasi ya maelezo mlangoni. Mwenye nyumba alitaka tuweke na kihisi cha mwendo vyumbani. Tukakataa. Mgeni akilala fofofo hatikisiki, kihisi kinaamini chumba ni kitupu, na saa tisa usiku anaamka ameloa jasho. Kihisi cha mwendo kinafaa ukumbi wa mikutano, msalani, labda ofisi ya mtu mmoja asiyetulia.

Jambo jingine ni umeme kukatika na kurudi. AC zenye kujiwasha upya huamka kwa pamoja, na jenereta au nyaya zako zinabeba mzigo wote kwa mpigo. Kompresa nayo huhitaji kama dakika tatu ili presha ya gesi itulie kabla ya kuwaka tena. Kiongozi chetu huziamsha kwa foleni, moja baada ya nyingine. Hili halionekani kwenye matangazo, lakini mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Usalama nao. Novemba 2016, mjini Lappeenranta nchini Ufini, shambulio la mtandaoni liliangusha kompyuta zinazoongoza joto kwenye majengo mawili ya makazi. Zikawa zinajiwasha upya bila kukoma, na joto likazimika baridi ikiwa imeanza. Mwishoni mwa 2013 huko Marekani, wezi waliiba taarifa za kadi za benki takriban milioni 40 kwenye maduka ya Target, na mlango walioingilia ulikuwa nywila ya kampuni ya mafundi wa majokofu na viyoyozi. Yaani watu wa kazi kama yetu. Basi tukimaliza kufunga, nywila ya kiwandani inabadilishwa na wewe mwenyewe, sisi tukiwa tumegeuka upande wa pili. AC zinakaa kwenye mtandao wao, mbali na kompyuta ya mhasibu. Akaunti yetu unaifuta siku ya makabidhiano. Tukihitajika tena utatufungulia.

Kuna wateja tunaowaambia wasinunue. Kama filta hazijaoshwa tangu mwaka jana, au dirisha halifungiki hadi upepo unapeperusha karatasi mezani, anza na hilo. Kuosha filta unaweza mwenyewe, kwa maji ya bomba na brashi laini.

Ukitaka tuje kupima, tutumie kwanza picha ya kibandiko cha mashine ya nje na picha ya rimoti kwa kila aina ya AC uliyonayo. Na rimoti zitoe kabatini kabla hatujafika.