Bomba la gesi lichorwe kabla ya msingi kuchimbwa

Ndugu Mhariri,

Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Leo baadhi ya mitaa inapikia gesi hiyo majumbani. Ramani za nyumba mpya, hata hivyo, bado zinaonyesha maji, umeme na choo tu. Gesi hukumbukwa vigae vikishabandikwa. Ukuta unatinduliwa au, vibaya zaidi, bomba linafichwa juu ya dari la jipsamu.

Hilo la dari linatutia hofu kuliko yote. Gesi asilia ni nyepesi, uzito wake ni kama 0.6 ya hewa, hivyo ikivuja hupanda na kutuama juu. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya pale, cheche ya swichi inatosha kulipua. Gesi ya mtungi hushuka sakafuni. Kwa hiyo tundu la hewa la chini, lililotobolewa kwa ajili ya mtungi, halisaidii hapa: linatakiwa la juu, lisizibwe na kabati.

Bomba likipita ukutani livishwe bomba pana zaidi, nafasi inayobaki izibwe kwa ndani na iachwe wazi kwa nje. Bomba la shaba lisilovishwa kitu lisigusane na zege wala lipu, litaliwa. Upimaji ufanyike kabla ya lipu: funga koki, jaza hewa, unga mrija wa umbo la U wenye maji. Shinikizo la milibari 20 ni tofauti ya sentimita 20 hivi kati ya pande mbili za maji. Usipime bomba likiwa juani, maana hewa ikipoa maji yatashuka bila mvujo wowote. Yakishuka kivulini, paka povu la sabuni kila maungio. Kiberiti, kamwe.

Jiko la mtungi nalo halifai mpaka libadilishwe nozeli, yaani kipande chenye kitundu cha kutolea gesi, kwa kuwa gesi ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule. Wapo wanaopanua kitundu hicho kwa msumari: kinakuwa kombo, moto unageuka njano, sufuria zinashika masizi, na jikoni hubaki hewa ya sumu isiyo na harufu.

Tunaziomba halmashauri zisipitishe ramani isiyoonyesha njia ya bomba, tundu la hewa la juu, na valvu ya kufungia iliyo nje, mahali mkono unapofika.

Mafundi bomba,
Dar es Salaam