Jane Fonda hakustahili kuitwa mtia hofu

Mhariri,

Mwaka wa 19 huu napiga picha za eksirei, na kila siku kazini navaa kipima mionzi kifuani. Kwa hiyo makala yenu kuhusu wasanii wanaopinga nyuklia niliisoma neno kwa neno, na imeniuma kuona Jane Fonda, mwigizaji wa filamu wa Marekani, akiitwa mtia hofu.

Machi 16, 1979 ilitoka filamu aliyoigiza kama mtangazaji wa televisheni anayeshuhudia hitilafu katika kinu cha nyuklia. Mshale wa kipimo cha maji unakwama, mafundi wanadhani maji yamezidi, kumbe yanakwisha. Siku 12 baadaye, katika kinu halisi cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu, yaani kifaa cha kufungulia na kufungia njia ya maji, ikagoma kufunga. Taa yake kwenye chumba cha udhibiti ilizimika, mafundi wakaamini imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa! Maji yakatoka kwa zaidi ya saa mbili, nao wakapunguza hata yale ya dharura. Karibu nusu ya kiini cha kinu, sehemu yenye fueli ya nyuklia, iliyeyuka.

Fonda na mumewe, Tom Hayden, wakazunguka Marekani wakihutubia, na Septemba mwaka huo alipanda jukwaani New York mbele ya umati mkubwa. Watu ambao hawajawahi kusikia habari za valvu wakaanza kuuliza. Mwanafizikia peke yake asingewaamsha.

Ila wanaharakati nao wataje kiwango cha mionzi. Watu wapatao milioni 2 wa maeneo ya jirani walipata kwa wastani milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.01, chini ya picha moja ya kifua. Siku ya tatu ya ajali ile, gavana wa Pennsylvania aliposhauri wajawazito na watoto wadogo waondoke, nani alikuwa na namba hiyo mkononi? Niliwahi kumpokea mama mjamzito aliyekataa kupigwa picha ya mkono uliovunjika. Nilimwekea aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, nikamweleza mionzi itapita wapi na ni kiasi gani. Akakubali. "Usiogope" alikwisha kuambiwa na kila mtu.

Naomba mkiandika tena habari za mionzi, iwe ya vinu vya ng'ambo au madini ya urani ya Mto Mkuju hapa jirani yetu Namtumbo, mchapishe kiwango kilichopimwa, aliyepima na tarehe. Kuzisoma namba hizo tutawasaidia.

Mpiga picha za eksirei,
Songea