Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: chura wa Busisi ana jina lake

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUFUKIWA KWA LAMBO LILILO NYUMA YA SHULE YETU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Jumatatu asubuhi nilifika kazini nikakuta lori la pili linamwaga kifusi lamboni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa ukingoni na ndoo, wanaokota vyura kwenye tope. Hawa si vyura wa kurukaruka nyasini, Mheshimiwa. Maisha yao ni majini.

Nilipouliza, nikaonyeshwa karatasi: lambo halina kiumbe wa kutajwa, ila chura wa kawaida wa Afrika Kusini, Xenopus laevis. Hapo uvumilivu uliniishia. Jina hilo nililisahihisha kwa maandishi mwaka jana, na nakala yangu ina mhuri wa masjala yako.

Narudia. Chura wetu ni Xenopus victorianus. Mwaka 1924 Ernst Ahl, wa makumbusho ya Berlin, alimpa jina la ziwa hili, Victoria, kutokana na vyura waliochukuliwa Busisi. Ndiyo, Busisi hii hii tunayoivukia kwa daraja tangu 2025. Baadaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa nususpishi tu, yaani tawi dogo la spishi ya yule wa kusini, mpaka uchunguzi wa vinasaba wa 2015 uliporudisha hadhi yake ya spishi kamili. Nadhani mwandishi wa karatasi ile alinakili kitabu cha zamani bila kuchovya hata kidole lamboni.

Sisemi anakaribia kutoweka. Yuko Uganda, Kenya, Rwanda na Burundi. Lakini jina likikosewa, ramani ya makazi nayo imekosewa. Kule Pemba kuna Phrynobatrachus pakenhami, aliyepewa jina 1941, asiyepatikana popote duniani ila kisiwani humo. Angeandikwa kwa jina la jamaa zake wa bara, nani angejua kwamba akifukiwa Pemba hana kwingine? Na Kihansi je? Chura wa pale aligunduliwa 1996, mradi wa umeme ukiwa umeshaanza, na 2009 akatangazwa kutoweka porini. Nchi hii imeshalipia somo hilo.

Shule yetu ina darubini moja, nayo lenzi yake imepasuka. Maabara yangu ni lambo. Viluwiluwi wa chura huyu ni angavu kama kioo: unamweka kwenye glasi, mtoto anaona moyo unadunda. Wana ndevu mbili ndefu, ndiyo maana wanafunzi huwaita watoto wa kambale. Akikua hana ulimi, anasukumia chakula mdomoni kwa mikono, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Nyavu nimenunua kwa mshahara wangu. Nauli za kuja ofisini kwako pia, mara nne, na mara zote nne niliambiwa upo kikaoni.

Siku ya kupanda miti ulisimama ukingoni pale pale palipomwagwa kifusi. Ulisema, mbele ya wazazi, "Mwalimu, hili tutalilinda." Uliahidi uzio wa senyenge na kibao chenye jina la chura. Watoto walikupigia makofi, na mmoja wao ndiye aliyeniuliza Jumatatu kama umehamishwa.

Nilikuwa nimeandika maombi matano, nimeyafuta. Uzio utasubiri. Kibao kitasubiri. Hata karatasi yenye jina lisilo lake nitaisahihisha tena, sitachoka. Naomba lori la tatu lisije. Dereva ameniambia ni Alhamisi. Tafadhali, Mheshimiwa, lisije.

Vyura tuliowaokota wako kwenye pipa nyuma ya darasa. Maji yao nayabadilisha mwenyewe asubuhi na jioni, na pipa limeshajaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Baiolojia