Mjomba, Mji Huu Uliota Kwenye Njia ya Ng'ombe

Shikamoo mjomba.

Juzi kwenye simu, ulipomaliza kunipa habari ya viza, ulisema neno ambalo bado limenikaa moyoni: kwamba ukifika utashinda nyumbani na wajukuu tu, maana mji wa Wazungu hauna cha kumwonyesha mzee aliyezeekea mnadani. Nimeona nikujibu kwa barua, na naiweka wazi ili na wengine wanaongoja wazee wao waisome.

Fort Worth, mji wetu huku Texas, ilianza mwaka 1849 kama kambi ya jeshi kando ya mto Trinity. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wasio na mnunuzi. Huku ng'ombe mmoja alikwenda kwa dola 4 hivi. Kaskazini, walikohitaji nyama, bei ilifika hadi 40. Hesabu hiyo wewe huhitaji kufafanuliwa. Wakawaswaga kwa miguu hadi Kansas, na hapa ndipo palipokuwa kituo kikubwa cha mwisho cha kununua mahitaji kabla ya kuvuka mto Red. Reli ikafika 1876, mazizi yakajengwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni za Swift na Armour zikafungua viwanda vya nyama papo hapo. Mwaka 1944 peke yake mifugo zaidi ya milioni 5 ilipita hapa. Kisha malori yakaipiku reli, minada ikasogea vijijini, Armour wakafunga 1962 na Swift 1971. Ni kama Tanganyika Packers ya Kawe: kiwanda kilikufa, jina likabaki uwanjani.

Mtaa wa mazizi unaitwa Stockyards, na huko ndiko tutakakoanzia. Saa tano na nusu asubuhi, na tena saa kumi jioni, maksai wa aina ya longhorn, yaani wa pembe ndefu, huswagwa katikati ya barabara ya Exchange, iliyotandikwa matofali. Watu husimama pembeni na simu zao. Mara ya kwanza nilisimama na mwanangu begani. Kwato zilisikika kabla hawajatokea. Kisha ikaja ile harufu, samadi na jasho la ng'ombe pamoja, na mimi niliyekuwa nimekaa Marekani miaka saba nikajikuta nimesimama kwenye lango la zizi la babu, jua linazama, nahesabu waliorudi. Mwanangu aliniuliza kwa nini nalia. Sikuwa na la kumjibu kwa Kiingereza.

Pembe zao hazipandi juu kama za Ankole wa Karagwe. Zinatoka pembeni, kushoto na kulia, na zikitanuka vizuri hupita mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Na rangi, mjomba! Huyu mwekundu, yule kijivu mwenye madoa, mwingine mweupe mwenye masikio meusi. Hutaona wawili wanaofanana.

Hatua chache kutoka hapo kuna sanamu ya mtu anayemwangusha fahali kwa kumshika pembe. Ni Bill Pickett, kauboi mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Alikuwa anaruka kutoka kwenye farasi mbioni, anakamata pembe, anapinda shingo, kisha anamuuma ng'ombe mdomo wa juu mpaka aanguke, kama alivyoona mbwa wa kuchungia wakifanya. Mchezo huo upo kwenye rodeo, mashindano ya makauboi, mpaka leo, bila kuuma. Nilipokuwa shuleni nilidhani makauboi wote ni Wazungu. Kumbe si wachache kati yao walikuwa watu weusi, na baadhi walitoka utumwani, na nataka wajukuu wako wasikie hilo wakiwa wamekushika mkono.

Katikati ya mji tutapita tu, ni maghorofa. Ila mtaa wa Historic Southside tutakwenda taratibu. Huko familia ya Bi Opal Lee ilinunua nyumba mwaka 1939, na tarehe 19 Juni mwaka huohuo kundi la Wazungu likaivamia na kuiharibu kwa moto. Yeye alikuwa na miaka 12. Akiwa na miaka 89 alianza safari ya kutembea kutoka hapa kuelekea Washington, akidai 19 Juni, siku ambayo habari za uhuru ziliwafikia watumwa wa Texas mwaka 1865, iwe sikukuu ya taifa. Ikawa, mwaka 2021. Na mwaka 2024 akakabidhiwa nyumba mpya iliyojengwa kwenye kiwanja kilekile. Wewe uliyehamishwa utotoni unajua maana ya kurudishiwa kiwanja.

Siku ya jua kali tutaingia jumba la makumbusho la Kimbell. Mkusanyo wao wa kudumu hauna kiingilio. Watu hukimbilia picha ya Michelangelo. Mimi nitakupeleka kwa Chibinda Ilunga, mwindaji mkuu wa masimulizi ya Waluba na Wachokwe, aliyechongwa kwa mti Angola katika karne ya 19. Miguu yake imekanyaga chini kama mtu anayesikiliza pori.

Chakula usiwe na wasiwasi. North Side, kwa Wameksiko, Jumamosi asubuhi wanauza menudo, supu ya utumbo yenye pilipili na ndimu. Utafikiri uko mnadani.

Kuna maksai mmoja mwekundu, pembe yake ya kushoto imeinama kidogo. Mimi na mwanangu tumebishana kuhusu uzito wake mwaka mzima. Wewe ulikuwa unataja kilo kabla ng'ombe hajapanda mzani, na wanunuzi wanakubali. Nimemwambia asubiri babu aje.

Mpwa wako,
Fort Worth, Texas