Muulize mavyaa jina la kijiji

Milwaukee, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Nimefurahi mno kusikia wanao wanauliza asili ya baba yao ya Luxembourg. Na mimi nilianzia hapohapo. Mwanangu alipotakiwa shuleni kuchora mti wa ukoo, upande wangu tuliujaza kwa simu moja tu ya Tanga. Upande wa baba yake tukakwama kwa mtu aliyeandikwa "mzaliwa wa Luxembourg", basi.

Kabla hujafungua kompyuta, nenda kwa mavyaa wako ukae naye. Muulize jina la kijiji, maana kumbukumbu za kule zinatunzwa kwa komuni, yaani serikali ndogo ya mji au vijiji, na jina la nchi peke yake halikufikishi popote. Omba kuona vitabu vya sala na migongo ya picha. Kisha nendeni makaburini. Sisi tulikwenda Ozaukee, kaskazini ya hapa, walikohamia Waluxembourg wengi. Jiwe lilikuwa limeota kuvu. Mume wangu akalimwagia maji, akalisugua taratibu kwa kiganja, herufi zikajitokeza: "geb.", yaani amezaliwa, na chini yake kijiji kilicho karibu na Arlon.

Arlon iko Ubelgiji, Rukia! Majira mazima ya baridi nilikuwa nikimtafuta asikokuwapo. Mwaka 1839 sehemu kubwa ya magharibi ya Luxembourg ilipewa Ubelgiji, na mpaka leo ni mkoa unaoitwa Luxembourg. Kabla ya hapo, 1815, upande wa Bitburg ulikwenda kwa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule. Kwa hiyo mtu akisema kwao Luxembourg, karatasi zake huenda ziko Ubelgiji au Ujerumani.

Ukishapata kijiji, fungua akaunti FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, ni bure. Wafaransa walipoitwaa nchi ile mwaka 1795 walileta utaratibu wa serikali kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Nyuma ya hapo utategemea vitabu vya parokia, kwa Kilatini. Ukikuta tarehe ya mwezi wa Brumaire usishtuke: ni kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa, iliyotumika hadi mwisho wa 1805.

Mimi ningekushauri uanze na ndoa. Cheti kimoja kinakupa wazazi wa pande zote mbili, na mwanamke huandikwa kwa jina la kwao hata akiwa mjane. Hapo ndipo nilipowapenda makarani wale. Katika ndoa ya babu yetu, bwana harusi ametia sahihi kwa mkono mzito, wino umemwagika kidogo, na mama yake ametamka kwamba hajui kuandika. Jina lake lipo zima, la baba yake. Nililia, shoga.

Jambo jingine: vijijini kule familia ilijulikana pia kwa jina la nyumba, kama sisi tunavyosema "wa kwa Mzee Fulani". Ukikuta majina mawili kwa mtu mmoja, yaandike yote.

Mavyaa akikutajia kijiji, nipigie hata kama ni usiku. Jumamosi niko nyumbani, tutafungua daftari pamoja.

Wako,
Mwanaisha