Muuguzi ashukuru baada ya usaili, lakini si kwa kila jopo

Mhariri,

Safu za ajira magazetini hurudia ushauri kwamba anayetoka kwenye usaili atume ujumbe wa shukrani. Ushauri ni mzuri, ila umekatwa nusu: hausemi utumwe wapi na uwe na nini ndani. Kwa wauguzi, hayo mawili ndiyo yenye uzito.

Tuanze na pale usipotakiwa. Nafasi za serikalini zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hazina mlango wa shukrani. Huko usaili huenda kwa alama, na matokeo hutangazwa kwenye tovuti na kwenye akaunti ya mwombaji. Msailiwa anayesaka namba ya simu ya mjumbe wa jopo ili "amshukuru tu" anamweka mjumbe huyo pabaya, na yeye mwenyewe anaanza kuonekana mtu wa kutafuta upenyo. Akisindikiza na "hela ya soda", sasa tunazungumzia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo humshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Mbele ya jopo la aina hiyo, sema asante unaponyanyuka kitini, uondoke.

Hospitali binafsi, na zile za mashirika ya dini zinapoajiri kwa fedha zao wenyewe, ni habari nyingine. Huko waamuzi mara nyingi ni watu wachache: matroni au patroni (mkuu wa wauguzi, mwanamke au mwanaume), ofisa rasilimali watu na mganga mfawidhi. Baada ya usaili faili hubaki mezani siku kadhaa, wadhamini wakipigiwa simu na leseni ikihakikiwa kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wasailiwa wawili wakikaribiana alama, ujumbe wenye maana unaweza kumkumbusha matroni nani alisema nini. Usiutegemee kwa zaidi ya hapo. Leseni iliyoisha muda haiokolewi na barua.

Tuma ndani ya saa 24, ukiwa bado unakumbuka maneno yaliyosemwa. Baruapepe inatosha. Iende kwa ofisa aliyekuita kwenye usaili, ukimwomba aifikishe kwa wajumbe wengine. Kuwaandikia watatu barua tatu zilizonakiliwa kunachekesha, kwa sababu wanakaa korido moja. Kichwa cha baruapepe kiseme yote: jina lako, cheo ulichoomba kama kilivyoandikwa kwenye tangazo (Ofisa Muuguzi na Ofisa Muuguzi Msaidizi si kitu kimoja) na tarehe ya usaili. Maneno 100 hadi 150 yanatosha. Tumia lugha ya usaili: kama mlihojiana kwa Kiingereza, andika Kiingereza, na kama ilikuwa Kiswahili, usijitutumue. Hakiki pia majina na vyeo. Katika hospitali ya misheni neno "Sista" lina uzito wake, na matroni ambaye si mtawa hafurahii kuvishwa shela.

Ndani, aya ya kwanza ni shukrani yenyewe, sentensi moja au mbili. Aya ya pili ndiyo barua. Chagua jambo moja lililozungumzwa chumbani, kisha lijibu kwa kazi unayoijua. Tuseme matroni alilalamika kwamba taarifa hupotea wakati wa kukabidhi zamu wodi ya watoto. Andika hivi: "Nimefanya kazi katika wodi ambayo zamu hukabidhiwa kando ya kitanda, muuguzi anayetoka na anayeingia wakisoma pamoja chati ya dawa na ya maji. Niko tayari kufanya hivyo hapa." Hilo linamgusa kuliko "nina moyo wa kujituma", maneno ambayo amekwisha kuyasoma kwenye kila maombi yaliyoletwa.

Aya hiyo hiyo inaweza kurekebisha jibu lililokwenda kombo, na hapa ndipo ujumbe wa muuguzi unapotofautiana na wa karani. Mfano ni hesabu ya dripu. Uliulizwa lita 1 iingie kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, ukajibu matone 31 kwa dakika. Ulifika nyumbani ukagundua kwamba ulitumia seti ya matone 15. Mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, ni matone 42. Andika kwa sentensi mbili: jibu sahihi, na ulipokosea. Matroni anayesoma hayo anamwona muuguzi anayetoa taarifa ya kosa lake kabla hajaulizwa, na wodini mtu wa namna hiyo anatafutwa. Lakini rekebisha moja tu, lile linalogusa usalama wa mgonjwa. Ukianza kusahihisha majibu manne, unafanya usaili upya peke yako. Na ipige hesabu kwenye karatasi mara mbili kabla ya kutuma, maana kukosea kwenye masahihisho hakuna dawa.

Kuna kosa jingine linalowaangusha hata wauguzi wazuri. Kwa kutaka kuonyesha uzoefu, mtu anasimulia "yule mama wa kifafa cha mimba tuliyempokea mwezi wa tatu" na kutaja hospitali. Hajataja jina, lakini mji wenyewe ni mdogo na mama anajulikana. Msomaji anajiuliza: huyu akija kwetu, wagonjwa wetu atawasimulia wapi?

Usiambatishe CV upya. Kama jopo liliomba nakala fulani, mathalani ya leseni, iambatishe hiyo peke yake, faili liitwe kwa jina lako na si "scan0047". Barua za kunakili mtandaoni zinajulikana, hasa pale jina la hospitali nyingine linaposahaulika katikati. WhatsApp itumike tu ikiwa ndiko ulikoitiwa usaili, mchana, kwa maandishi. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hausikilizwi na mtu aliye wodini. Mwenye kusailiwa kwa video na hospitali ya Uarabuni au Uingereza kupitia wakala, ampe wakala ujumbe wake auwasilishe.

Baada ya hapo, nyamaza. Walisema watajibu ndani ya wiki mbili? Subiri ziishe, ongeza siku mbili tatu, kisha uliza mara moja kwa ofisa yule yule. Wala usipitie kwa binamu anayefanya kazi maabara pale. Ukipata kazi kwingine kabla hawajajibu, waandikie siku hiyo hiyo kwamba umejitoa, ili aliyeshika nafasi ya pili apigiwe simu mapema.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Morogoro