Tausi, niambie ukweli wa baridi ya huko

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Tausi,

Salamu nyingi, na za wote wa hapa nyumbani. Sisi hatujambo kiasi, hofu na mashaka ni kwako, shemeji na watoto. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Bi Mwamvua, na Josefina ameniambia unasema nimekutupa. Sijakutupa, Tausi. Februari yote na nusu ya Machi nilikuwa wodini na Neema, na nilipotoka sikuwa na maneno ya kusema kwenye simu. Ungeuliza tu "vipi huyo mtoto" ningelia mpaka vocha iishe. Leo Baraka nimempeleka kwa bibi yake Ujiji, Neema amelala, ndiyo nimeshika kalamu.

Habari yenyewe ni kwamba uhamisho wa Baba Neema umetoka. Ule ule alioomba miaka na miaka, unarudishwa, anaomba tena. Anapelekwa Makete, huko huko mkoani kwenu Njombe, kwao kabisa, shule iko mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka kwa mama yake. Siku barua ilipofika alikaa nayo uani hadi magharibi, anaisoma, anaikunja, anaikunjua. Unakumbuka baba yake alizikwa yeye akiwa bado kwenye treni, hajafika hata Tabora. Mama amebaki peke yake na shamba la viazi. Mtu kama huyo nitamwambiaje asiende?

Na kuondoka hata mimi nataka. Nyumba unaijua, ukuta kwa ukuta na ile baa, sasa wameongeza spika mbili zinazotazama dirisha la watoto. Muziki mpaka saa nane za usiku. Neema akiwa na maumivu huwa anajifunika mto kichwani, ananiambia mama waambie wapunguze, nami nimeshawaambia mpaka wananikimbia. Dagaa nao si biashara ile uliyoiacha. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nilikula mtaji wote. Sikatai, samaki lazima wapumzike, ila mtaji ule haujarudi hadi leo. Kwa hiyo mahali patulivu, penye shamba, ambapo usiku unasikia mvua tu kwenye bati, napataka kwa moyo wangu wote.

Kinachoninyima usingizi ni baridi.

Wewe umeondoka hapa Neema akiwa mdogo, labda hukuwahi kumwona akishikwa na maumivu ya selimundu, ule ugonjwa wake wa damu wa kuzaliwa. Huwa inaanza kwenye vidole. Ananyoosha mkono mmoja, anaushika kwa mwingine, ananyamaza. Akinyamaza hivyo tu najua. Nachemsha maji, natia kwenye chupa mbili za soda, nazizungushia khanga, namwekea miguuni na kiunoni, namnywesha kikombe baada ya kikombe. Mara nyingine inatulia alfajiri, mara nyingine tunaita bodaboda. Daktari wa kliniki ya selimundu ameshanieleza mara nyingi: baridi inabana mishipa midogo, zile chembe za damu zilizopinda kama mundu zinakwama humo, hewa haipiti, maumivu yanaanza. Ndiyo maana hata hapa kwetu penye joto simruhusu kuoga ziwani jua likishazama, wala kukaa na nguo iliyolowa mvua. Sasa nimpeleke Makete, ambako sehemu nyingi ziko zaidi ya mita 2,000 juu, mtoto aliyezaliwa hapa ziwani, mita mia saba na ushee? Daktari anasema hata hewa ya juu huko ni nyepesi, na damu kama yake inahitaji hewa ya kutosha. Na Baba Neema mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasimulia watoto jinsi nyasi za Kitulo, kule juu milimani kwao, zinavyoamka nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, mwezi wa saba. Alikuwa anawasimulia kama hadithi nzuri. Siku hizi akianza nanyanyuka naenda jikoni.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio unaonichanganya. Kilichotulaza Februari hakikuwa baridi. Ilikuwa malaria. Chandarua anacho, dawa tunapuliza, na bado. Siku ya tatu kipimo cha wingi wa damu yake kilikuwa kimeshuka hadi 4.6, chini kabisa, macho ya njano kama kiini cha yai, anapumua kwa mbavu. Hospitali tuliyokwenda damu ya kundi lake haikuwepo. Tukaambiwa tutafute watu. Saa tano usiku Baba Neema anapita vyumba vya walimu wenzake anagonga mlango kwa mlango, mimi nimeshika mkono wa mtoto nahesabu pumzi. Waliokuja ni wawili, na mmoja ni yule Kiza ambaye hatukuwa tukisalimiana tangu ile kesi ya kiwanja. Tausi, yule mtu alikunja mkono wa shati bila kusema neno. Nimemsamehe yote, na kiwanja akichukue.

Sasa wewe unajua, mkoa wenu wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na huku kwetu Kigoma na Tabora ndiko inakotumaliza. Kwa mtoto wa selimundu malaria moja inaweza kuondoka naye. Basi napima: huku mbu, kule baridi. Baridi naweza kuifungia mlango, naweza kuivalia sweta. Mbu nimefunga mlango miaka tisa na bado anaingia. Nikifika hapo najiambia twende. Halafu Neema anapita mbele yangu na kigauni chake cha mikono mifupi, moyo unarudi nyuma.

Jumamosi nilikwenda naye sokoni Mwanga kutafuta masweta ya mtumba. Saa sita mchana, jua la utosi. Muuzaji akatoa koti moja zito la sufu kutoka chini kabisa ya belo, lina vifungo vikubwa vya kahawia, Neema akalivaa hapo hapo. Limemfika magotini. Jasho linamtiririka na hataki kulivua, anazunguka nalo, watu wanamtazama. Akaniuliza, mama, ni kweli kule asubuhi watu wakiongea wanatoa moshi mdomoni? Nimelinunua.

Nikuambie na la mama mkwe, maana hili siwezi kumwandikia mwingine. Mwaka ule alipokuja huku alisema ugonjwa huu umetoka upande wetu, kwao milimani haupo. Nilimeza. Baadaye nesi wa kliniki alitukalisha mimi na Baba Neema akatuonyesha kwa maharage, mekundu na meupe: mimi nabeba moja la ugonjwa, yeye anabeba moja, na kila mimba ina nafasi moja katika nne mtoto akapata yote mawili. Neema amepata yote mawili, Baraka amepata moja, na hilo moja halimsumbui. Akaeleza pia kwamba anayebeba moja hupata kinga ya malaria kali, ndiyo maana ugonjwa umeota mizizi nchi za mbu kama hii. Baba Neema aliyatazama yale maharage muda mrefu, akayachukua akayatia mfukoni. Nadhani anataka kwenda kumwonyesha mama yake. Sijamuuliza. Mimi nataka tukae naye vizuri yule mama, na nataka ajue kumfunika mjukuu wake kabla hajajua ugonjwa ulitoka kwa nani.

Narudi kwenye baridi. Jambo moja linanipa moyo: Hospitali ya Ikonda iko huko huko Makete, na watu wanasafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata. Kwa hiyo mahali penye baridi kali ndipo penye hospitali. Kwa upande mwingine mwalimu mwenzake Baba Neema anasema kuna mwalimu wa Wanging'ombe, wilaya jirani, upande wa chini wa Ilembula, ambako si juu kama Makete na baridi haiumi hivyo, naye anatafuta mtu wa kubadilishana kituo kwa sababu mkewe yuko Makete. Ilembula nako kuna hospitali, na kwa mama mkwe tungekwenda likizo. Mimi naona hilo ndilo. Baba Neema hataki hata kulisikia kwa sasa. Anasema nimemngoja mama miaka yote hii, leo nisimame bondeni nimpungie mkono? Anasema hivyo halafu usiku namwona ameshika tochi, anamtazama mtoto anavyopumua. Hatujamaliza hayo mazungumzo.

Na kuna suala la lini. Yeye lazima aripoti mapema, na anataka twende wote likizo ya Juni ili watoto waanze muhula mpya Julai huko huko. Mimi nasema Julai ndiyo kilele cha baridi, aende yeye, aandae nyumba, sisi tufuate Septemba au Oktoba, mwili wa mtoto uizoee baridi kidogo kidogo kabla ya kipupwe kingine. Ila hapo tena tutabaki huku na mvua za Novemba zinakuja na mbu wake, tukichelewa kidogo tu tumerudi kule kule. Unaona ninavyozunguka?

Mawese nimekuwekea lita tano. Najua utasema yataganda kama yale ya mwanzo, yaweke karibu na jiko. Dagaa ni wa Katonga, nimewachambua mwenyewe, hawana mchanga hata punje.

Sasa nijibu, na usinipambie. Wewe mwaka wa kwanza baridi ilikushikaje, na ilikuchukua muda gani kuizoea? Watoto wa huko wanalala na nini? Nyumba zina dari, au bati tupu? Nasikia watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga madirisha, na kuna waliolala wasiamke kwa sababu ile hewa haina rangi wala harufu. Nyinyi mnapasha nyumba vipi basi? Kuna nyumba za kupanga zenye bomba la kutolea moshi? Maji ya kunywa ya watoto mnaweka wapi yabaki vuguvugu, maana daktari anasema kwenye baridi mtoto hasikii kiu, na huyu wangu akikosa maji tu amekwisha. Umewahi kumwona huko mtoto mwenye selimundu, hata mmoja, anaishi, anasoma? Mama yake yuko tayari kuongea nami? Vidonge vyake vya selimundu, haidroksiurea, vinapatikana Njombe mjini au nibebe vya miezi mingapi? Kule Ilembula Julai wanavaa masweta mangapi? Na tusafiri vipi, treni mpaka Dodoma kisha basi la Iringa na Makambako, au tupite Mpanda na Sumbawanga? Neema hawezi kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu.

Anayeleta barua hii ni kijana wa Mama Zai, anafuata viazi Njombe na anageuza Alhamisi asubuhi. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwako bila majibu. Andika hata usiku, hata kwa penseli. Baba Neema anatakiwa kujibu barua ya uhamisho mwisho wa mwezi, na nimemwomba asisaini chochote mpaka nikusikie wewe.

Ni mimi shoga yako,
Mama Neema